Shangazi, kiwanda kimefuta historia au mimi ndiye niliyekosea?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili. Sinywi, sivuti, na nikitoka kazini naenda nyumbani moja kwa moja. Starehe yangu ni moja tu: nakusanya sanamu za askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni zile za kipimo cha 1:6, zinazofika sentimita 30 hivi, nguo zake kitambaa cha kweli, vifungo vinafunguka, mikanda inakazwa. Ninazo 23 kwenye kabati la vioo sebuleni. Kati ya hizo, 17 ni za Wajerumani, maana, ukweli usemwe, sare zao zinapendeza kuliko za wengine wote.

Mwezi uliopita nilipokea sanamu niliyoisubiri kwa muda mrefu, afisa wa SS, kile kikosi cha Wanazi wa Hitler, mwenye sare nyeusi. Nilipofungua boksi nilinyong'onyea. Utepe mwekundu wa mkononi upo, duara jeupe lipo, lakini ndani ya duara, mahali pa swastika, ile alama ya Wanazi, hamna kitu. Tai wa kwenye kofia ameshika duara tupu, kama mtu aliyenyang'anywa sahani akiwa bado anakula. Kola nayo, mahali pa zile alama mbili za radi, ni nyeusi tii. Vingine vyote ni sahihi hadi mshono wa buti. Nililipia historia, Shangazi, nikaletewa historia iliyong'olewa meno.

Nikatafuta, nikampata mtu anayechapa alama zinazokosekana. Ni stika nyembamba za kulowekwa majini, unazitelezesha taratibu hadi zikae mahali pake. Niliagiza karatasi nzima, ya kutosha sanamu zangu pamoja na ndege mbili za plastiki ambazo nazo mikia yake ilikuja mitupu.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama watoto aliikuta karatasi hiyo mezani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Wanasesere wako nimewavumilia miaka 9. Hii alama haikai sebuleni kwangu." Nikamweleza kwamba hata makumbusho huonyesha alama hizo. Akaniuliza tangu lini sebule yetu imeanza kukata tiketi.

Kijana wangu wa miaka 11 alikuwa anasikiliza. Kesho yake alinifuata kabatini, akaelekeza kidole kwenye ule utepe. "Baba, hapa palikuwa na nini, na kwa nini wamekifuta?" Nikamwambia ni nembo tu ya jeshi la zamani, kiwanda kilisahau kuichapa. Akaitikia "aha," akaenda zake. Sidhani kama aliniamini.

La tatu ni kikundi chetu. Wakusanyaji tuko 9, na tunaandaa maonyesho madogo ya wazi kwa umma. Nilipendekeza tuonyeshe sanamu zikiwa na alama zake kamili. Mzee mmoja kikundini, ambaye ukoo wa mama yake uliishia kwenye kambi ya Wanazi huko Poland, akasema hatasimama karibu na meza hiyo. "Alama hiyo naijua," alisema, "sihitaji kukumbushwa na mwanasesere." Kisha dada mmoja, Mhindu, akaleta jambo lake: alitangaza mtandaoni kuuza sanamu ya Ganesha, mungu wa Kihindu, yenye swastika kwenye kiganja, tangazo likaondolewa na akaunti yake ikafungiwa kwa siku kadhaa. Akataka tulijadili. Nikamwambia hilo ni suala la dini, asituchanganyie mada. Akanuna, na tangu siku hiyo kundi limepoa.

Shangazi, nauliza. Je, ni kosa kuirudisha sanamu katika hali yake ya kweli? Viwanda vikianza na swastika, kesho vitafuta nini? Na je, nijitoe kwenye kikundi cha watu wanaoogopa ukweli?

Wako,
Mpenda Ukweli

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, na nitakuonyesha nilipopiga mistari. Lakini tuanze na hasira yako juu ya kiwanda, maana hasira hiyo nayo ina haki ya kusikilizwa.

Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa kama wako, wake ukiwa ndege. Kwa miaka 26 nimefagia vipande vya plastiki, na gundi ile naijua harufu yake kuliko marashi. Siku moja aliniita nitazame stika za mkia wa Messerschmitt, ndege ya kivita ya Wajerumani. Swastika ilikuwa imekatwa vipande, nusu huku na nusu kule, mwenye ndege aunganishe mwenyewe. Nilidhani mchapaji alisinzia. Akacheka sana. Kumbe ni ujanja wa kisheria: kila nusu ikiwa peke yake si alama ya chochote, kwa hiyo kiwanda kikishtakiwa kwamba kimeuza swastika, kinajibu kimeuza vistari. Wengine hawataki hata ujanja huo. Wanafuta kabisa, na mchoro wa juu ya boksi unaonyesha ndege iliyopakwa rangi kwa ustadi wote isipokuwa mkiani.

Ujerumani ina kifungu cha 86a cha sheria ya jinai. Kutumia hadharani au kusambaza alama za makundi yaliyopigwa marufuku kwa kupinga katiba ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 3, au kumtoza faini. Swastika imo, zile radi mbili za SS zimo. Austria nayo ina sheria zake kali. Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenye kiwanda. Anachonga kalibu moja, anachapa boksi moja, anauza nchi nyingi. Je, atatengeneza sanamu mbili, moja ya Berlin na moja ya kwingineko? Anachagua ile isiyomletea wakili mlangoni. Huko kwako ikafika iliyo tupu, si kwa sababu kuna mtu aliketi akapanga kukudanganya, bali kwa sababu ya mahesabu ya mfanyabiashara.

Lakini hapo usidhani Wajerumani wameificha alama yenyewe. Sheria hiyohiyo ina mlango: sanaa, sayansi, utafiti, mafunzo, na taarifa za matukio ya sasa au ya historia vinaruhusiwa. Ndiyo maana vitabu vya shule huko vina picha zake. Kwa muda mrefu michezo ya kompyuta ilinyimwa mlango huo hata pale filamu zilipopita, hadi mwaka 2018 bodi ya kuipima michezo ilipoanza kuiangalia mmoja mmoja. Na kuna mfanyabiashara aliyekuwa akiuza beji za kuupinga Unazi, swastika imepigwa mstari kabisa, akatozwa faini. Ilibidi kesi ifike mahakama ya juu ya shirikisho, na mwaka 2007 akaachiliwa. Kwa hiyo hata wao wamejikwaa. Wanachojaribu kuuliza ni hiki: hii alama hapa inafanya kazi gani?

Shika swali hilo, tutalirudia.

Unasema sanamu tupu ni uongo. Nikukumbushe Msalaba wa Chuma, ambao mkusanyaji kama wewe lazima anaujua. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilitoa sheria iliyowaruhusu maveterani kuvaa nishani zao za vita kwa sharti moja: swastika itoke. Nishani za 1939 zikatengenezwa upya, katikati pakawekwa majani ya mwaloni. Leo wakusanyaji wanazitafuta na kuziita za 1957, na hakuna anayesema ni nishani za uongo. Ni ushahidi wa wakati wake, wa nchi iliyokuwa na wazee wengi waliopigana vita ile na isiyojua iwavishe nini. Sanamu yako nayo iko hivyohivyo. Utepe wake mtupu hausemi kweli juu ya miaka ya 1930, lakini unasema kweli tupu juu ya mwaka ilipotengenezwa.

Tena ngoja nikupe kimoja cha kukuchekesha. Unajua nani alitangulia kupiga marufuku swastika kwenye vidude vya kuuza? Wanazi wenyewe. Tarehe 19 Mei 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kushika serikali, walitoa sheria ya kulinda alama za taifa, kwa sababu wachuuzi walikuwa wameshaibandika kila mahali na wakubwa wakaona inashuka hadhi. Waliitaka alama iheshimike. Na kwenye miaka hiyohiyo viwanda vya Elastolin na Lineol vilikuwa vinatengeneza askari wa kuchezea kwa unga wa mbao na gundi, wakiwemo Hitler wadogo wenye mkono wa kuinuka na kushuka. Mtoto akicheza, anapigisha saluti. Kwa hiyo, mwanangu, usiniambie sanamu ni sanamu tu. Ziliumbwa zikiwa na kazi. (Ukikutana na mojawapo ya hizo za zamani, usiguse kitu: usifute, usipake, usiongeze. Hiyo ni nyaraka.)

Sasa nikupe haki yako, na nakupa kwa moyo wote. Kuna jambo moja ambalo ufutaji huu unaliharibu, na sijaona wengi wakilisema. Ukiitoa swastika kwa afisa wa SS, nini kinabaki? Yanabaki mabuti yanayong'aa, koti lililokaa mwilini, tai, mabega. Anabaki kijana nadhifu. Kimetolewa kitu kimoja tu, kile kinachomshtaki. Kiwanda kilichoogopa kumtukuza kimemsafisha, kikamkabidhi kwako akiwa mtanashati asiye na kosa. Jaji angeuliza, shahidi wa mashtaka yuko wapi? Yuko ndani ya ile duara nyeupe, hayupo. Kwa hiyo unaposema kuna ubaya katika kufuta, nakubali. Mimi mwenyewe afisa huyo mwenye utepe mtupu ananitisha zaidi.

Unauliza kesho watafuta nini. Wameshafuta vingine. Juni 2015, baada ya kijana mmoja kuwaua waumini 9 weusi kanisani huko Charleston, Marekani, kampuni ya Warner Bros. ilisitisha leseni ya magari ya kuchezea ya General Lee, lile gari la televisheni lenye bendera ya majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa juu ya paa. Mwaka huohuo Ukraine ilipiga marufuku alama za Kikomunisti sambamba na za Kinazi, na nyundo na mundu zikaingia kundi moja na swastika. Hungary nayo ilikuwa imemtia hatiani mwanasiasa aliyevaa nyota nyekundu, na mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema hapana, nyota hiyo ina maana zaidi ya moja, huwezi kumwadhibu mtu kwa kuivaa tu bila kuangalia anakusudia nini. Kwa hiyo hofu yako si ya bure. Mstari husogea, na mara nyingine husogezwa na watu wavivu wa kufikiri.

Basi tukirudi kwenye swali letu, alama ile kabatini kwako inafanya kazi gani? Hapa ndipo kalamu yangu nyekundu ilipoandika.

Mstari wa kwanza niliupiga kwenye namba. Sanamu 23, za Wajerumani 17. Sikuulizi kwa nini unapenda sare zao, zilibuniwa makusudi zipendwe, na wewe si wa kwanza kunaswa. Nakuuliza juu ya neno "historia" ulilolitumia kama cheti. Ukinifungulia kabati hilo nitamwona afisa mwenye vifungo sahihi na mshono wa buti sahihi. Je, nitamwona hata mtu mmoja ambaye afisa huyo alimfungulia mlango wa treni? SS ndiyo iliyoendesha kambi. Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu wakubwa wa Wanazi baada ya vita, iliitangaza kuwa kundi la kihalifu mwaka 1946. Kwenye kambi ya Auschwitz pekee waliuawa watu wapatao milioni 1.1, wengi wao Wayahudi. Hao hawatengenezwi kwa kipimo cha 1:6, na mimi sitaki watengenezwe. Lakini usiniambie kilichopungua kwenye historia ya kabati lako ni duara la milimita chache mkononi mwa muuaji. Pengo ni kubwa kuliko hilo, na karatasi yako ya stika haina cha kuliziba.

Mstari wa pili, na huu niliupiga hadi karatasi ikachanika. Mtoto wako alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akauliza palikuwa na nini na kwa nini kimefutwa. Swali zuri namna hiyo walimu hulitafuta mwaka mzima. Wewe Mpenda Ukweli ukamjibu kiwanda kilisahau.

Kiwanda kimefuta alama, mwanangu. Wewe umefuta maana yake. Kati yenu wawili, nani ana kesi kubwa zaidi?

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Ulikuwa na aibu, maana ungemweleza kweli angekuuliza swali la pili: "Sasa baba, mbona unawapenda?" Hilo ndilo linalokusumbua, si kiwanda. Na jibu lake si lazima liwe baya. Watu husoma juu ya magonjwa bila kutaka kuugua. Lakini jibu hilo ulitafute kwanza wewe, kisha umpe. Kaa naye chini hapohapo kabatini. Mwambie ulimdanganya, na kwamba uliona haya. Mwambie hapo palikuwa na swastika, alama ya chama kilichoichukua mwaka 1920 na kuifanya bendera ya taifa mwaka 1935, na watu wenye sare hiyo waliua Wayahudi wapatao milioni 6, na Waroma, wale wanaoitwa pia Wajipsi, na wagonjwa, na wengine wengi. Mtoto wa miaka 11 anaweza kubeba hilo akilipewa na baba yake kwa sauti ya kawaida. Usimwonyeshe picha za maiti. Mwache aulize. Ukishindwa kujibu, mwambie mtatafuta pamoja, na mtafute kweli.

Kuhusu mama watoto, wala sitazunguka. Sebule ni yake kama ilivyo yako, na amevumilia wanaume 23 wenye bunduki kwa miaka 9 bila kulalamika. Ameomba jambo moja. Tena alichokuambia kuhusu tiketi kina hekima kuliko barua yako nzima. Mtu akiingia makumbusho anajua alipoingia, kuna maandishi, kuna wa kumweleza. Mgeni wako wa sebuleni amekuja kunywa chai. Akiinua macho akakuta alama ile, ataelewa nini juu ya nyumba hiyo kabla hujafungua mdomo? Kama una chumba au kona yako yenye mlango, muombe akukubalie huko. Akikataa, kubali. Mume wangu alihamishia ndege zake stoo mwaka wa pili wa ndoa na hakufa.

Maonyesho je? Hapo ni mahali pa umma, kwa hiyo cha kwanza ni kujua sheria ya hapo mlipo na masharti ya mwenye ukumbi. Msibahatishe. Kikiruhusiwa, bado kuna mzee. Sentensi yake nimeiandika kwenye daftari langu. Huyo haogopi ukweli, mwanangu, huyo anao nyumbani kwao. Ukiniuliza nani kati yenu 9 mwenye haki ya kuamua afisa huyo asimame vipi mezani, sitakutaja wewe. Nenda kwake, usiende na hoja, nenda ukamuulize. Huenda akasema msimwonyeshe kabisa. Huenda akasema mwonyesheni akiwa mtupu hivyohivyo na kadi kando yake inayoeleza nini kimetolewa, na nani, na kwa nini. Mimi ningependa hilo la pili, maana mgeni akiona pengo lenye maelezo atasimama kusoma, wakati mgeni akiona swastika atapiga picha na kuondoka. Lakini mimi sina mezani kwenu kiti.

Na yule dada. Hapa umenikera. Umemfukuza kwenye mada mtu pekee aliyekuwa amekuja na mada yenyewe. Swastika ni neno la Kisanskriti, lina maana ya kheri, na Wahindu, Wajaini na Wabudha walikuwa nayo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kumsikia Hitler. Ni yeye aliyeibiwa. Kisha programu ya kuchuja matangazo, isiyojua tofauti kati ya kiganja cha Ganesha na mkono wa SS, ikamwadhibu kwa kosa la mwizi. Jambo hilo si geni kwenye ulimwengu wenu: mwaka 1999 kadi moja ya Kijapani ya Pokémon ilizua malalamiko Marekani kwa sababu ilikuwa na manji, alama ya Kibudha, na Nintendo ikaiondoa. Marehemu mume wangu alikuwa na ndege ya Brewster ya Kifini yenye swastika ya buluu, alama ambayo jeshi la anga la Finland liliitumia tangu 1918, kabla chama cha Nazi hakijaichukua. Hata divisheni ya 45 ya jeshi la nchi kavu la Marekani ilivaa swastika ya njano begani hadi miaka ya 1930, kwa heshima ya wenyeji wa asili wa huko, kisha ikaibadilisha kwa ndege wa radi. (Finland nayo si safi kama maji ya kisima. Yule Msweden aliyewapa ndege ya kwanza yenye alama hiyo, Eric von Rosen, baadaye alikuwa shemeji wa Göring, mmoja wa wakubwa wa Wanazi. Mambo haya hayakai kwenye sanduku moja.)

Unaona sasa? Ulitaka maonyesho yaseme kweli juu ya alama. Alama hiyo ina maisha marefu kuliko miaka 25 ya Wanazi, na mtu anayeweza kuyaeleza anakaa nanyi kwenye kikundi, amenuna. Kamwombe radhi. Si kwenye kundi la simu, ana kwa ana. Muulize kama angependa Ganesha wake asimame mezani na kadi yake mwenyewe, aiandike yeye. Akikataa, usimlazimishe kuwa mwalimu wenu.

Kujitoa kikundini sahau. Utabaki na kabati na nani?

Sasa karatasi ya stika. Ndege za plastiki, kama ni za Wajerumani na zinakaa stoo, fanya upendavyo, mkia ulikuwa na alama na kila mtu anajua. Sanamu ya afisa ningeiacha kwanza. Si milele. Iache hadi umeongea na mwanao, na umeongea na yule mzee, na umemsikiliza mkeo bila kuandaa jibu. Ukiwa bado unataka kuibandika baada ya hapo, utakuwa unajua kwa nini, nami sitakuzuia. Zile nyingine 16 usiziguse. Mtu anayeongeza swastika 17 kwa mkupuo hatengenezi historia, anapamba.

Ukiibandika, usitupe boksi wala kile kikaratasi cha maelezo, na uandike kwa penseli ndani ya kifuniko kwamba utepe ulikuja mtupu, alama umeiongeza wewe, na mwaka. Siku ukiiuza au watoto wakiirithi, mnunuzi asidhani imetoka hivyo kiwandani. Na kabla hujaituma nje, uliza sheria ya huko inakokwenda, hasa ikiwa ni Ujerumani au Austria. Posta haitakuuliza ulikuwa na nia gani.

Maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Mume wangu alichoma karatasi mbili kabla ya kunisikiliza.